Je, Viza ya Matembezi Yaweza Kugeuzwa Kibali cha Kazi au cha Uwekezaji?

Msomaji mmoja ameuliza hivi: "Nimealikwa kuhudhuria maonyesho ya biashara nchini Ujerumani kwa siku tano. Mwenyeji wangu ana kiwanda kidogo cha kuunda mashine za kusindika nafaka, na ameniambia kwamba nikifika anaweza kuniajiri, kwa kuwa mimi ni fundi umeme mwenye cheti cha chuo cha ufundi cha miaka mitatu na uzoefu wa miaka saba. Nina pia akiba ambayo ningependa kuiwekeza huko. Rafiki zangu wananishauri niombe viza ya utalii kwa sababu hupatikana upesi, kisha nibadilishe nikiwa ndani ya nchi. Je, ushauri huo ni sahihi?"

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kujaza fomu, kwa sababu kosa linalofanyika katika ombi la kwanza humfuata mwombaji katika maombi yote yanayofuata. Ushauri wa rafiki zako si sahihi, na kwa nchi uliyoitaja unaweza kukufungia milango ambayo kwa sasa iko wazi mbele yako. Ninachokushauri ni kuomba viza ya muda mfupi kwa ajili ya maonyesho, kuitumia kwa maonyesho na mazungumzo, kurudi nyumbani ndani ya muda uliopewa, kisha kufungua ombi la kazi likiwa ombi jipya linalojitegemea. Suala la akiba yako nitalieleza mwishoni, kwa kuwa lina sheria zake na halipaswi kuchanganywa na hayo mawili.

Kwanza niondoe dhana kwamba viza ya utalii ni jambo moja na viza ya safari ya kibiashara ni jambo jingine lenye foleni ndefu zaidi. Kwa nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja ya muda mfupi, Ujerumani ikiwemo, viza hiyo ni aina moja tu, inayojulikana kwa herufi C, na kinachotofautiana ni sababu ya safari unayoitaja katika fomu pamoja na nyaraka za kuithibitisha. Ada kwa mtu mzima ni ileile, euro 90 tangu Juni 2024. Muda wa kawaida wa kutoa uamuzi nao ni uleule, siku 15, ambazo zinaweza kurefushwa hadi 45 iwapo ombi linahitaji uchunguzi zaidi. Ukitaja utalii ilhali una barua ya mwaliko wa maonyesho, hutakuwa umeokoa hata siku moja. Utakuwa umetupa ushahidi wako bora zaidi na kuweka mahali pake maelezo yasiyo ya kweli.

Viza hiyo humruhusu mwenye nayo kukaa siku zisizozidi 90 katika kipindi chochote cha siku 180, na hesabu hiyo ni ya eneo zima, ambalo lina nchi 29 tangu Bulgaria na Romania zilipoingia kikamilifu Januari 2025. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Hapa wengi hupotea, maana kwenye stika ya viza kuna tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, na pia idadi ya siku za kukaa, na mambo hayo hayalingani. Mtu anaweza kupewa viza inayoanza Machi 1 na kuisha Machi 31, lakini idadi ya siku ikawa 10 tu. Akiingia Machi 5 anapaswa kuwa ametoka ifikapo Machi 14, hata kama tarehe ya mwisho iliyoandikwa bado iko mbali. Zamani makosa ya namna hii yaligunduliwa kwa kusoma mihuri ya pasipoti, lakini tangu Oktoba 12, 2025 nchi za Schengen zimeanza kutumia mfumo wa kielektroniki unaosajili kila kuingia na kila kutoka kwa raia wa nchi za nje, na kompyuta haisahau kuhesabu.

Nirudi sasa kwenye kiini cha swali lako, yaani kubadilisha viza ukiwa ndani. Sheria ya ukaazi ya Ujerumani inataka mtu anayekusudia kukaa muda mrefu au kufanya kazi awe ameingia kwa viza ya taifa iliyotolewa kwa kusudi hilohilo, viza ambayo hutambulika kwa herufi D na huombwa kabla ya kusafiri. Wapo raia wa nchi chache, zikiwemo Marekani, Kanada, Australia, Japani, Israeli, Korea Kusini, New Zealand na Uingereza, ambao wanaruhusiwa kuingia bila viza na kuombea kibali hukohuko. Ikiwa pasipoti yako si ya mojawapo ya nchi hizo zenye makubaliano maalumu, njia hiyo si yako, na ofisi ya wageni, yaani ile inayoshughulikia vibali vya wageni katika mji utakaofikia, itakuelekeza urudi ukaombe upya ubalozini. Kipengele cha kuwasamehe baadhi ya watu safari hiyo ya kurudi kipo, lakini kimekusudiwa kwa hali za pekee, na mtu anayepanga maisha yake hapaswi kuyajenga juu ya msamaha.

Kibaya zaidi kuliko kurudishwa ni namna maelezo yako ya kwanza yatakavyosomwa. Fomu ya viza ya muda mfupi inakuuliza kusudi la safari na kukutaka uthibitishe kwamba utaondoka. Ukisema unakwenda kutembea, na wiki mbili baadaye ukaonekana katika ofisi ya wageni na mkataba wa ajira mkononi, afisa ana haki ya kujiuliza kama ulijua tangu mwanzo. Na kwa jinsi ulivyoniandikia, kweli unajua. Kutoa maelezo ya uongo ili kupata viza ni kosa la jinai katika sheria ya Ujerumani, na kufanya kazi kwa viza isiyoruhusu kazi kunaweza kuleta amri ya kuondoka pamoja na marufuku ya kuingia. Kwa kawaida marufuku hiyo haizidi miaka mitano, lakini huingizwa katika mfumo wa taarifa unaosomwa na nchi zote za Schengen, kwa hiyo kosa lililofanyika Ujerumani litakuzuia pia Ufaransa na Italia.

Sidhani kwamba rafiki zako wamekudanganya kwa makusudi. Huenda wamesikia habari za kweli za nchi nyingine au za wakati mwingine. Kanada, kwa mfano, iliwaruhusu wageni waliokuwa ndani kuomba kibali cha kazi bila kutoka, kwa utaratibu ulioanza Agosti 2020 wakati wa janga la korona, lakini utaratibu huo ulifungwa Agosti 28, 2024, na mpaka leo nakutana na watu wanaoufuata kana kwamba bado upo. Katika Falme za Kiarabu mgeni aliyepata mwajiri anaweza kubadilishiwa hadhi bila kuondoka, ila haruhusiwi kugusa kazi kabla ya kibali kutoka, na tangu mwaka 2024 mwajiri anayemtumia mgeni asiye na kibali anakabiliwa na faini ya kuanzia dirhamu 100,000 hadi 1,000,000. Uingereza haimruhusu kabisa aliyeingia kwa matembezi ageuze hadhi kuwa mfanyakazi stadi akiwa ndani. Marekani kisheria inaruhusu kuomba kubadilisha hadhi, lakini mwongozo wa Wizara yake ya Mambo ya Nje unasema kwamba mtu anayefanya jambo lisilolingana na viza yake ndani ya siku 90 tangu aingie anaweza kuhesabiwa kuwa alidanganya kwa makusudi, na udanganyifu wa namna hiyo humzuia mtu kuingia Marekani maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba fulani alibadilisha na akafanikiwa, muulize ilikuwa nchi gani, mwaka gani, na fulani huyo alikuwa na pasipoti ya wapi.

Ukiwa na viza ya muda mfupi kwa ajili ya maonyesho bado unaweza kufanya mengi yenye faida. Unaruhusiwa kuhudhuria maonyesho, kukutana na wateja na wauzaji, kujadili masharti, kusaini mikataba ya kununua au kuuza, na kutembelea kiwanda cha mwenyeji wako kuona mashine zinavyofanya kazi. Unaweza hata kuzungumza naye kuhusu ajira ya baadaye, kwa kuwa mazungumzo si kazi. Usichoruhusiwa kufanya ni kushika vifaa na kuanza kumfanyia kazi, hata kwa siku moja ya kujaribiwa, hata bila malipo, kwa sababu afisa anatazama kama unafanya jambo ambalo kwa kawaida lingefanywa na mfanyakazi wa kulipwa. Wenyeji wenye nia njema mara nyingi hawajui mpaka huu, nawe ndiwe utakayepata madhara ukivukwa.

Kuhusu nyaraka sitasema mengi, kwa sababu ubalozi hutoa orodha yake na hiyo ndiyo ya kufuatwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka kumi iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na iendelee kuwa hai kwa angalau miezi mitatu baada ya siku utakayotoka Schengen. Bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua euro 30,000. Ombi linaweza kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15, nami nakusihi usisubiri mwisho, maana kupata nafasi ya miadi peke yake kunaweza kuchukua wiki nyingi. Jambo moja tu nitalisisitiza: taarifa ya benki ionyeshe maisha yako halisi ya kifedha. Fedha nyingi zilizoingia ghafla wiki moja kabla ya ombi huzua maswali zaidi kuliko salio dogo lenye historia inayoeleweka, na kama mwenyeji ndiye atakayelipia gharama, ni bora atoe hati rasmi ya dhamana katika ofisi ya wageni ya mji wake kuliko wewe kuazima fedha za kuonyesha.

Je, utaje katika fomu kwamba siku moja ungependa kufanya kazi Ujerumani? Fomu ya viza ya muda mfupi inauliza kusudi la safari hii, na kusudi la safari hii ni maonyesho. Kuwa na ndoto ya baadaye si kosa. Lakini ukiulizwa moja kwa moja, sema kweli: kwamba mwenyeji ameonyesha nia, kwamba unajua kazi inahitaji viza ya taifa, na kwamba utaiomba ukiwa umesharudi. Baadhi ya maombi hukataliwa kwa hofu kwamba mwombaji hatarudi, nami siwezi kukuahidi kwamba jibu hilo la kweli halitaleta hofu hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba ombi lililokataliwa linaweza kuombwa tena, ilhali jina lililowekewa alama ya udanganyifu halisafishiki kwa urahisi. Ukikataliwa utapewa fomu inayoonyesha sababu; isome vizuri kabla ya kuomba tena, kwa sababu tangu Julai 2025 balozi za Ujerumani hazipokei tena malalamiko yasiyo ya kimahakama dhidi ya uamuzi wa viza, na njia iliyobaki ya kuupinga ni kufungua kesi mahakamani.

Sasa kazi yenyewe, na hapa nina habari njema kwako, maana fundi umeme ni mtu anayetafutwa. Njia ya kwanza ni ya mfanyakazi stadi mwenye mafunzo ya ufundi. Cheti chako hupelekwa kwenye chemba ya mafundi au ya viwanda, yaani chombo kinachosimamia taaluma hizo, kulingana na aina ya taaluma, nayo hulinganisha mafunzo yako na mafunzo ya Kijerumani. Ukitambuliwa kuwa sawa kabisa, mwajiri anakupa mkataba, Shirika la Ajira la serikali ya Ujerumani linakagua kama mshahara na masharti hayako chini ya yale ya wafanyakazi wa hapo, na ubalozi unatoa viza. Mara nyingi, hata hivyo, chemba hutambua sehemu tu na kutaka mafunzo ya nyongeza. Kwa hali hiyo, tangu Machi 2024 upo utaratibu wa ushirikiano wa utambuzi, ambao unakuruhusu kusafiri, kuanza kazi kwa mwajiri huyo, na kukamilisha utambuzi ukiwa huko, mradi uwe na Kijerumani cha kiwango cha A2, yaani cha msingi, na mafunzo yako ya nyumbani yawe ya miaka miwili au zaidi na yatambulike na serikali ya nchi ulikosomea. Kwa maelezo uliyonipa, naona hii ndiyo njia inayokufaa zaidi.

Ipo njia nyingine ya uzoefu, inayomwondolea mwombaji mzigo wa utambuzi akiwa na mafunzo ya miaka miwili na uzoefu wa miaka miwili ndani ya mitano iliyopita, lakini inadai mshahara wa juu, ambao kwa mwaka 2025 ulikuwa euro 43,470 kwa mwaka, isipokuwa pale mwajiri anapofungwa na makubaliano ya mishahara na chama cha wafanyakazi. Kiwanda kidogo huenda kisiufikie. Kadi ya Bluu ya Umoja wa Ulaya imewekwa hasa kwa wenye shahada, kwa hiyo naiacha. Na ile iitwayo kwa Kijerumani Chancenkarte, yaani kadi ya fursa, iliyoanza Juni 1, 2024, ni kwa mtu anayekwenda kutafuta kazi: humpa hadi mwaka mmoja, huku akiruhusiwa kufanya kazi za muda kwa saa 20 kwa wiki na kujaribiwa na waajiri, lakini lazima athibitishe kwamba anaweza kujitunza, kiwango kilichotumika mwaka 2025 kikiwa euro 1,091 kwa mwezi. Wewe una mwajiri tayari, na sioni sababu ya kulipia mwaka wa kutafuta ulichokwisha kupata. Kama mwajiri ana haraka, anaweza kuomba utaratibu wa kasi kupitia ofisi ya wageni ya mji wake kwa ada ya euro 411, na hapo mzigo mkubwa wa ufuatiliaji huwa juu yake.

Nimalizie na akiba yako, ambayo nakiri ndiyo sehemu inayonitia wasiwasi zaidi. Watu wengi huamini kwamba kuwekeza katika nchi kunampa mtu haki ya kuishi humo. Mgeni anaweza kumiliki kampuni Ujerumani bila kuwa mkaazi; anaweza kusajili kampuni yenye dhima yenye ukomo, yaani ambayo mwenye hisa hadaiwi zaidi ya mtaji wake, ile Wajerumani wanayoiita GmbH, kwa mtaji wa euro 25,000 ambao nusu yake inatosha kulipwa wakati wa kusajili. Lakini cheti cha usajili wa kampuni hakimpi mwenye hisa hata siku moja ya ziada ya kukaa. Ili kuishi na kuendesha biashara unahitaji kibali cha kujiajiri, na huko wanapima kama biashara inahitajika kiuchumi au katika eneo husika, kama itakuwa na matokeo mazuri kwa uchumi, na kama fedha zake zimehakikishwa. Mwombaji aliyevuka miaka 45 huulizwa pia juu ya akiba ya uzeeni. Kibali hutolewa kwa muda usiozidi miaka mitatu, na biashara ikifanikiwa unaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya hapo. Tena kuna jambo linalokuhusu wewe hasa: kazi ya ufundi umeme ni miongoni mwa kazi ambazo karakana yake kwa kawaida lazima iongozwe na mtu mwenye hadhi ya fundi mkuu, kwa hiyo hata ukiwa na mtaji huwezi kufungua karakana ya umeme kwa cheti ulicho nacho. Kuajiriwa kwanza kwa miaka michache, huku ukijua soko na lugha, ndiko kutakakoifanya akiba yako iwe na kazi ya kweli.

Kama kuna wakala aliyekuambia kuhusu viza za dhahabu za Ulaya, yaani vibali vya ukaazi vinavyotolewa kwa mtu anayewekeza fedha nyingi, jihadhari naye, maana milango mingi ya namna hiyo imefungwa. Uingereza iliifunga viza yake ya wawekezaji wakubwa Februari 2022, Ireland ikafuata mwaka 2023, Ureno mwaka huohuo ikaondoa ununuzi wa nyumba katika mpango wake na kuacha njia kama mifuko ya uwekezaji ya kuanzia euro 500,000, na Hispania ikaufuta mpango wake Aprili 2025. Malta nayo ilipoteza kesi katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya mwezi huohuo wa Aprili 2025 kwa kuuza uraia. Marekani bado ina viza ya mwekezaji anayeunda ajira kumi, lakini kiwango chake tangu mwaka 2022 ni dola 1,050,000, au 800,000 katika maeneo maalumu. Viza yake nyingine ya mwekezaji, isiyo na kiwango maalumu cha mtaji, ni ya raia wa nchi zenye mkataba wa biashara na Marekani pekee. Akiba ya fundi haipaswi kupelekwa huko, na haipaswi kukabidhiwa mtu anayedai kwamba itanunua kibali.

Kwa hiyo anza wiki hii na mambo mawili yanayoweza kwenda pamoja. Mwombe mwenyeji wako barua ya mwaliko inayotaja jina la maonyesho, tarehe, mahali na nani atalipa nini, ili ufungue ombi la viza ya muda mfupi. Wakati huohuo, peleka nakala ya cheti chako na muhtasari wa masomo, vikiwa vimetafsiriwa na mfasiri aliyeapishwa, kwenye chemba inayohusika kwa ajili ya utambuzi, na ujiandikishe darasa la Kijerumani. Majibu ya chemba huchukua miezi, na ukirudi kutoka kwenye maonyesho utakuwa umeshasogea njia nzuri kuelekea ombi la pili.